Chuya kwenye ungo: kipaji au upungufu?

Ukimwaga mchele kwenye ungo, wengi wetu tunaona mchele kwanza, chuya tunaanza kuzisaka baadaye. Wapo watu wazima wenye usonji (autism) ambao macho yao yanaanza na chuya. Mwaka 2004 mtafiti O'Riordan aliwapima kwa majaribio ya kusaka kwa macho, na wakawapita wenzao wasio na usonji. Watoto wenye usonji walikwishapimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1998, matokeo yakawa yale yale.

Jaribio lenyewe ni kama hili: tafuta X nyekundu iliyochanganyika na X za kijani na T nyekundu. Rangi peke yake haikutoi, umbo peke yake pia halikutoi. Kwa kawaida, kila herufi inayoongezwa kwenye kioo cha kompyuta inakuchelewesha. Hapa ndipo ninapong'ang'ania, kwa sababu wengi wanapapita mbio: mwanya kati ya makundi mawili huonekana kazi inapokuwa ngumu. Kama ingekuwa wepesi wa kidole kubonyeza kitufe, wangeshinda hata pale X ingekuwa peke yake nyekundu. Kinachowabeba ni kutofautisha vitu vinavyokaribiana kufanana.

Hata hivyo, tangu mwanasaikolojia Uta Frith aandike mwaka 1989, uwezo huu umezoeleka kuelezwa kama udhaifu: mtu anaona sehemu kwa kuwa hawezi kuunganisha kitu kizima. Ajabu, mwingine akishinda hivyo tungemwita hodari.

Wanaotilia shaka wana hoja. Mwaka 2009 ilidaiwa kwamba wenye usonji wana macho makali kama ya tai. Mwaka huo huo wakosoaji wakaonyesha kasoro za kipimo. Sawa, lakini ukali wa jicho ni jambo jingine kabisa na kusaka. Hoja nzito zaidi ni ya mtafiti Pellicano na wenzake, mwaka 2011: watoto wenye usonji waliposaka shabaha kati ya taa zilizotegwa sakafuni, hawakufuata mpangilio mzuri, na walichelewa kung'amua upande ambao shabaha ilijificha mara nyingi zaidi.

Hao walikuwa watoto, lakini matokeo siyapuuzi. Ila kwenye kioo msakaji huambiwa mapema anachokitafuta. Kwenye chumba chenye taa za sakafuni ilibidi mtoto agundue mwenyewe kanuni ambayo hakuna aliyemtajia. Mwajiri anayetaka jicho hilo kwa ukaguzi wa picha au programu aanze kwa kumwambia mfanyakazi, waziwazi, chuya ya ofisi yake inafananaje.