Pasi ya nywele nayo ina msimu wake

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, masika yamekolea, nilikaa saa mbili na nusu kwenye kiti cha saluni hapa Unguja nikinyooshwa nywele kwa ajili ya harusi. Kwanza draya, halafu pasi, fungu kwa fungu, msusi akivuta kuanzia kwenye shina mpaka ncha huku kamoshi kembamba kakipanda. Nilipojitazama kwenye kioo nikamwona mtu mwingine: nywele zimelala chapa, zinang'aa, zimevuka mabega ambayo siku zote huyaona kwa mbali. Nikalipa shilingi 20,000, nikajifunga mtandio taratibu kama mtu anayebeba trei la mayai, nikatoka.

Ukumbini wanawake watupu, mitandio imevuliwa, taarabu inapigwa, feni hazifiki kokote. Kabla bibi harusi hajaingia nikahisi kitu kinanitekenya shingoni. Za kisogoni ndizo zilizotangulia, zikajikunja moja moja kama zinazoamka usingizini. Zikafuata za kwenye paji. Sahani za biriani zilipofika, upande mmoja wa kichwa umelala na mwingine umesimama timtim. Shangazi mmoja akaniinamia, kwa mapenzi tu maskini, akaninong'oneza: "Mwanangu, hukupata nafasi ya kuchana?"

Elfu ishirini hiyo.

Nywele zangu si singa wala si kipilipili. Ni hizi za mawimbi, za katikati, zinazopendeza zikiwa majimaji na kufumuka pindi zikikauka. Saluni nyingi nilizopita zina majibu mawili kwa nywele hizi: pasi au dawa. Msusi anashika fungu, anaguna, kisha anasema, "Dada, hizi tuzipige dawa kidogo, zitulie." Utadhani zina homa.

Sina ugomvi na kunyoosha. Napenda nikinyoosha, napenda nywele zinavyoteleza kwenye vidole, na wala sioni kama nimemkana bibi yangu. Ugomvi wangu ni na sisi watu wa pwani kupiga pasi bila kutazama kalenda.

Ndani ya unywele kuna protini iitwayo keratini, na nyuzi zake zimeshikana kwa vifungo vya namna mbalimbali. Vilivyo vingi ni dhaifu, vya haidrojeni, ambavyo maji huvifungua na ukavu huvifunga tena. Ndiyo maana ukilala na nywele mbichi unaamka nazo zimeshika umbo la mto. Pasi nayo inacheza na vifungo hivyo hivyo: joto linavilegeza, unywele unanyooka, ukipoa vinashika katika hali hiyo mpya. Lakini havikuapa kubaki hapo. Hewa yenye unyevu ikiingia inavifungua kimya kimya, na unywele unarudi kwenye umbo aliloliumba Mungu.

Tena unywele ni hodari wa kunusa unyevu kiasi kwamba watu waliufanya chombo. Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure, mtaalamu wa Geneva, alichapisha kitabu kuhusu upimaji wa unyevu hewani, na kipimo chake kilikuwa unywele wa binadamu uliofungwa kwenye mshale. Hewa ikiwa na unyevu unywele unarefuka kidogo, ikikauka unafupika, na mshale unasogea. Vipimo vya namna hiyo vilitumika vituo vya hali ya hewa kwa miaka mingi. Kwa hiyo kichwa changu siku ya harusi hakikuwa na kasoro. Kilikuwa kinatoa taarifa ya hali ya hewa, na taarifa yenyewe ilikuwa sahihi.

Mabaharia wetu walijua tangu zamani kwamba hutweki tanga la kwenda Bombay wakati wa kusi likiwa limechachamaa. Mimi nimeiga. Pasi yangu inatoka kabatini kipupwe, kuanzia mwezi wa sita, joto limepungua na hewa imekauka kidogo. Hapo nikinyoosha Ijumaa, Jumatatu bado zimelala. Masika siigusi. Kaskazi na joto lake la mwezi wa pili, ambapo mtu anatoka jasho akiwa amekaa tu, siigusi pia. Shoga yangu mmoja anayeishi Nairobi hunicheka, yeye hunyoosha mwaka mzima na zinakaa. Kwake ni juu, kuna baridi, na asubuhi anavaa sweta. Hatuwezi kufuata mafunzo ya video za watu wa mahali pengine halafu tukalia zikifumuka hapa kwetu Darajani.

Sasa, hao wanaosema "weka dawa, umalize." Dawa haichezi na vile vifungo dhaifu, inakata vile vya salfa ambavyo havirudi. Kali zaidi zina sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki wanayoijua wapika sabuni. Nywele za mawimbi mara nyingi ni nyembamba, hazina ubavu wa kuhimili hiyo. Niliweka mara moja tu, nikiwa na miaka 19, na mwaka mzima baadaye nilikuwa nazifagia sakafuni.

Keratini ya saluni, hiyo ya kupakwa na kufungiwa kwa pasi, ndiyo siipendi zaidi. Baadhi ya chupa zake hutoa gesi ya fomaldehaidi zikipata joto, ile ile ya fomalini ya maabara inayochoma macho, na tangu 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mteja anaivuta siku moja. Msusi anaivuta kila siku, mlango umefungwa ili kiyoyozi kifanye kazi. Pia kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2022 uliofuatilia wanawake 33,497: waliotumia kemikali za kunyooshea zaidi ya mara nne kwa mwaka, uwezekano wao wa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia miaka 70 ulikadiriwa kuwa asilimia 4.05, na wasiotumia kabisa asilimia 1.64. Hiyo haithibitishi kwamba dawa ndiyo iliyowapa ugonjwa. Kwangu inatosha kuniondoa kwenye kiti.

Miezi mingine je? Bibi alikuwa akituosha kwa majani ya mkunazi yaliyopondwa, yanatoa povu jepesi, na jamaa zetu wa Muscat mpaka leo wananunua unga wake dukani. Mimi natumia shampuu, siku hizi sina subira ya kuponda. Nilichobaki nacho kwake ni mafuta ya nazi usiku kabla ya kuosha. Utafiti uliochapishwa 2003 ulionesha kwamba yanapunguza protini inayopotea kwenye unywele, kuliko mafuta ya alizeti. Nachana nikiwa bado na kondishena kichwani, kwa chanuo la meno mapana, kuanzia ncha. Zikishakauka sizichani kabisa, kitana kikavu ndicho kinachozigeuza ufagio. Na taulo nimeliacha. Nakamua kwa kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka jina lake halisomeki, halafu nasokota mabutu manne na kuyaacha yakauke yenyewe. Nikifungua napata mawimbi yaliyotulia, na kikofia cha satini chini ya mtandio kinayalinda. Cha pamba kinakwangua.

Kipupwe kikifika na pasi ikatoka, masharti yangu ni machache. Nywele ziwe kavu kabisa, maana maji yaliyobaki ndani yanachemka na kupasua unywele. Mafuta ya nazi yasiwepo, hatukaangi dagaa. Na kile kitufe cha digrii 230 nimekisahau, natumia 170, napitisha mara moja kila fungu, naondoka.

Wiki iliyopita wifi yangu kanipigia, mdogo wake anaolewa mwezi wa nne tena, je, aniwekee nafasi saluni? Nimemwambia asijisumbue, pasi inasubiri kipupwe. Nitakuja na mawimbi yangu, nimeyabana kisogoni. Asumini za kuchomeka nishaagiza.