Usiseme "Mafuriko" Kama Si Mafuriko

Jumatano ya tarehe 30 Agosti 2017 mvua ilikuwa imekatika hapa Houston, Texas, na jua limetoka kali. Tulikuwa watu sita nyumbani kwa jirani yangu, Mtanzania mwenzangu, tukikata zulia vipande vipande kwa visu ili libebeke, maana zulia lililonyonya maji siku tatu halinyanyuliwi na mtu mmoja. Ukutani palikuwa na mstari wa rangi ya chai, umenyooka kama umepigwa rula, juu kidogo ya goti. Ulizunguka sebule, ukapita jikoni, ukaingia hadi chumba cha watoto. Mke wake alikaa kwenye ngazi akijaribu kubandua picha za albamu ya harusi, na kila aliyoigusa ilichanika.

Jirani mwenyewe hakuwa na wasiwasi. "Vitu vitanunuliwa vingine," alisema. "Mimi nina bima kubwa."

Waliokulia Tanzania wanaelewa alichomaanisha. Kwenye gari kuna bima ndogo, inayomlipa uliyemgonga, na bima kubwa, inayolipa hata gari lako. Mwenye bima kubwa analala. Akaja Marekani, akanunua nyumba kwa mkopo, benki ikamtaka akate bima ya nyumba, akawa anailipia kila mwezi pamoja na marejesho, naye akaiita kwa jina alilolijua. Jioni ile alipopiga simu, moja ya maswali ya mwanzo lilikuwa: maji yameingilia wapi? Akajibu ukweli, kwamba yametoka barabarani yakapitia mlangoni. Barua ya kukataliwa ilifika hata hatujamaliza kung'oa jipsamu za ukutani.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba kampuni haikuvunja mkataba. Bima ya kawaida ya nyumba huku inalipa moto, upepo, wizi, bomba lililopasuka, mti ulioangukia paa. Maji yanayopanda kutoka chini, yawe ya mto, ya mtaro, ya bahari au ya mvua iliyokosa pa kwenda, yametolewa humo kwa maandishi. Kwa hiyo unaweza kulipa ada miaka kumi bila kukosa mwezi hata mmoja, ukaja kupoteza kila kitu cha chini kwa siku moja, na usipate senti.

Harvey, kimbunga cha mwaka ule, ilitufundisha hilo vibaya. Ilitua karibu na Rockport, mji wa pwani ya Texas, usiku wa tarehe 25 Agosti ikiwa kimbunga cha daraja la 4, na kule upepo uling'oa mapaa. Sisi wa Houston upepo haukutusumbua kiasi hicho. Kimbunga kilisimama juu ya Texas na kumwaga mvua siku baada ya siku. Mji wa Nederland ulipata zaidi ya milimita 1,500. Kimbunga kilikuwa kimoja, lakini mtu wa Rockport aliyepoteza paa alidai kwenye bima ya nyumba, na mtu wa Houston aliyeogelea sebuleni alihitaji bima nyingine kabisa, ambayo wengi hatukuwahi kuisikia.

Bima hiyo ipo tangu 1968, Bunge la Marekani lilipoanzisha Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko, ambao leo unasimamiwa na FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia majanga. Kwa nyumba ya familia inalipa hadi dola 250,000 za jengo na hadi dola 100,000 za vitu vya ndani. Sehemu hizo mbili zinanunuliwa mbali mbali. Nimekutana na watu wenye bima ya mafuriko ya jengo peke yake, waliogundua baadaye kwamba vitanda, makochi na nguo havimo. Hata mpangaji anaweza kuinunua kwa ajili ya vitu vyake. Mara nyingi wakala yule yule aliyekuuzia bima ya nyumba anaiuza pia, na ziko kampuni binafsi zinazouza za kwao.

Halafu kuna siku 30. Ukiikata ile ya serikali leo, kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30, isipokuwa kama unainunua kwa sababu ya mkopo mpya wa nyumba au sababu nyingine chache. Msimu wa vimbunga unaanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Ukingoja uione kwenye televisheni ile picha ya dhoruba inayozunguka Ghuba ya Mexico, umeshachelewa kwa mafuriko, na hata bima ya upepo huenda usiuziwe, kwa kuwa kampuni husimamisha kuandikisha wateja wapya dhoruba ikishakaribia.

"Lakini benki iliniambia silazimiki." Hii ndiyo sentensi ninayoisikia kuliko zote, na ndiyo inayonitia hasira. Benki hulazimisha bima ya mafuriko pale nyumba ilipo ndani ya eneo ambalo ramani ya serikali imelitia alama ya hatari kubwa. Ikikuambia hulazimiki, inazungumzia masharti ya mkopo wake. Haijakuambia maji hayatafika. Mwaka ule, katika kaunti ya Harris peke yake, nyumba zaidi ya 150,000 ziliingiwa na maji. Nyingi zilikuwa nje ya maeneo yale ya ramani, na wenye nyumba walio wengi hawakuwa na bima ya mafuriko. Mtu anayesaini mkopo wa miaka 30 angestahili kuambiwa hivyo mezani, kwa lugha anayoielewa, kabla hajashika kalamu. Sioni kwa nini sheria isilazimishe jambo dogo namna hiyo.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, maana hapa sisi Waswahili tunaumia kwa namna yetu wenyewe.

Kwa Kiswahili, maji yakijaa ndani tunasema "nyumba imefurika". Bomba likipasuka jikoni, imefurika. Paa likitoboka mvua ikamwagika chumbani, imefurika. Neno ni zuri na linatosha, kwa sababu linatazama hali ya nyumba. Bima inatazama njia ya maji. Ukitafsiri "imefurika" moja kwa moja kwa Kiingereza unatoa lile neno moja ambalo mkataba umelifungia mlango, na anayepokea simu anaandika alichosikia.

Julai 2024, baada ya kimbunga Beryl, mama mmoja Mkongo wa huku kusini-magharibi mwa Houston alipata shida hiyo hasa. Upepo ulivunja tawi la mti, tawi likapasua paa, mvua ikashuka darini hadi kwenye kitanda chake. Simu ya kwanza ilitafsiriwa na mwanawe wa miaka kumi na nne. Mama alisema maji yamejaa chumbani, mtoto akatafsiri mafuriko, na barua ikarudi: mafuriko hayalipwi na mkataba huu. Aliniletea barua hiyo ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya Biblia.

Tulikaa mezani kwake tukaandika upya, kwa sentensi fupi: upepo ulivunja tawi, tawi lilitoboa paa, mvua iliingilia kwenye tundu hilo. Tukaambatisha picha tatu: tawi likiwa bado juu ya paa, tundu likionekana kutoka darini, na doa la maji kwenye dari juu ya kitanda. Hatukuongeza chumvi wala hatukuficha kitu, na sitamsaidia yeyote anayetaka kuyaita maji ya barabarani mvua ya paani. Ule ulikuwa ukweli wake, ila mara ya kwanza ulisemwa kwa neno lisilo lake. Baada ya wiki kadhaa alilipwa.

Kwa hiyo naomba sana: msiwape watoto kazi ya kutafsiri madai ya bima. Omba mkalimani mtu mzima, ngoja kwenye simu hata nusu saa. Na kabla ya kupiga, andika kwenye karatasi kitu gani kilivunjika kwanza na maji yakapita wapi.

Beryl ilinipitia na mimi. Ilitua karibu na Matagorda, pwani ya Texas, alfajiri ya tarehe 8 Julai, daraja la 1 tu, na bado nyumba na biashara zaidi ya milioni mbili zilikosa umeme. Paa langu lilipoteza vigae upande wa kusini. Nilidhani mimi, niliyewasomea wengine mikataba, nimejiandaa. Nilikuwa sijauangalia vizuri mstari mmoja.

Ni ule wa kiasi ambacho mwenyewe unakibeba kabla bima haijatoa chake, kile ambacho huku tunakiita dedaktibo. Kwa moto au wizi mara nyingi ni fedha kamili, tuseme dola 1,000. Kwa upepo na mvua ya mawe, huku pwani ya Ghuba, kwa kawaida ni asilimia, na si asilimia ya hasara bali ya thamani ambayo nyumba imekatiwa bima. Yangu imekatiwa dola 280,000 na upepo ni asilimia 2, yaani dola 5,600 zangu mfukoni. Mkadiriaji wa kampuni ya bima alikuja, akapanda, akakadiria hasara dola 9,100. Akatoa zile 5,600, zikabaki 3,500. Akatoa 2,300 za uchakavu wa vigae, zikabaki 1,200. Hundi ya kwanza ilikuwa ya dola 1,200, na juu yake limeandikwa jina langu pamoja na la benki, kwa hiyo hata kuibadilisha peke yangu sikuweza.

Wengi huishia hapo. Wanaona 1,200, wanakata tamaa, wanaweka turubai na kuiacha. Mkataba wangu ulikuwa wa kulipa gharama ya kitu kipya, na katika mkataba wa namna hiyo fedha ya uchakavu imezuiwa tu hadi uthibitishe umetengeneza. Zaidi ya hapo, fundi alipofungua alikuta sufi ya kuzuia joto iliyo darini imelowa na mbao mbili zimeanza kuota kuvu. Nilipiga picha na kuomba mkadiriaji arudi. Makadirio yakapanda hadi dola 13,400. Nilipomaliza kazi na kupeleka risiti, jumla niliyolipwa ilifika 7,800. Kadirio la kwanza mara nyingi ni la vitu vinavyoonekana kwa dakika arobaini. Kumwomba arudi si ukorofi, ni haki yako.

Katika wiki zile zile vijana walipita mlango kwa mlango wakisema, "Kaka, tutakutengenezea paa, ile dedaktibo tutaimeza sisi." Texas ilipitisha sheria mwaka 2019 inayomkataza kontrakta kufanya hivyo, na kampuni ya bima inaweza kudai uthibitisho kwamba umelipa sehemu yako. Anayekupa ofa hiyo anaanza kazi kwa kukuingiza kwenye kosa. Mfunge mlango kwa adabu.

Walio kandokando ya bahari, Galveston na kaunti jirani, wana jambo moja la ziada: mara nyingi bima yao ya nyumba imetoa hata upepo, na inabidi waukatie kwenye chombo cha jimbo kiitwacho TWIA, kilichoanzishwa 1971. Kule mtu anaweza kuwa na mikataba mitatu kwa nyumba moja: nyumba, upepo, mafuriko. Ukinunua upande huo, uliza zote tatu siku hiyo hiyo.

Kuna tabia zetu mbili ambazo nazipenda na zinatugharimu. Ya kwanza ni usafi. Msiba wa maji ukitokea, ndugu na jamaa wanamiminika na ndoo na mafagio, na jioni nyumba imefagiliwa na vitu vyote vimetupwa kando ya barabara, lori la taka likabeba. Mkadiriaji akija anakuta chumba kitupu. Lazima uzuie hasara isizidi, hilo mkataba wenyewe unakudai, basi toa maji, funika paa, kausha. Lakini kwanza piga picha kila ukuta na kila kitu, friji na namba yake ya nyuma, kabati likiwa wazi na nguo ndani. Kata kipande cha zulia ukihifadhi. Risiti ya turubai, ya pampu na ya hoteli tia kwenye bahasha moja. Mikataba mingi hulipa pia gharama ya kuishi kwingine nyumba isipokalika, ikiwa kilichoiharibu ni kitu ambacho bima hiyo inakilipa.

Ya pili ni heshima. Mtu mwenye kitambulisho shingoni akisema "hii ni ya zamani", tunaitikia ndiyo, tusije tukaonekana wabishi. Hiyo "ndiyo" yako inaandikwa. Ukikataliwa, taka sababu kwa maandishi. Huku Texas kampuni ya bima ina siku 15 za kujibu kwamba imepokea dai lako na kuanza kulishughulikia, na ikishapata nyaraka zote ina siku 15 za kazi za kusema ndiyo au hapana, ingawa baada ya janga kubwa muda huo unaweza kuongezwa. Ukizungushwa, Idara ya Bima ya Texas inapokea malalamiko bure. Kwa bima ya serikali ya mafuriko, kumbuka siku 60 tangu hasara kupeleka taarifa yako ya hasara iliyosainiwa.

Jirani yangu alirudi nyumbani kwake Machi 2018, kwa mkopo wa serikali anaoulipa hadi leo. Kuta zote zilipakwa rangi upya isipokuwa moja, ya gereji. Pale aliacha ule mstari wa rangi ya chai, akaandika tarehe kwa penseli, na chini yake amepigilia msumari wenye mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko kuna mikataba yake miwili.