Redio haijafa, njoo Ujiji

Ndugu mwandishi, unasema simu imeiua redio. Labda huko Dar. Huku Kigoma wavuvi wa dagaa wakiingia ziwani usiku wa giza na taa zao, mtandao unakata mapema tu, ila kiredio cha betri kinaimba mpaka alfajiri. Tena kinashika hadi Bujumbura!

Kwenye muziki ndiyo umeniudhi. Umeandika kana kwamba dansi lilikuwa la Dar peke yake. Bendi ya Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata umewaweka wapi? Marehemu baba alikuwa akilitambua lile gitaa kabla mtangazaji hajataja jina la bendi. Na nyimbo zile tunazo leo kwa sababu Redio Tanzania ilizirekodi na kuzitunza. Siku hizi kijana anatoa wimbo Ijumaa, Jumatatu umeshasahaulika (wangu wa kumzaa ni mmojawapo, nisiseme sana).

Habari za mtandaoni nasoma, hata hii yako nimeisoma kwa simu. Ila nikiona wameandika fulani kafariki, nasubiri kwanza taarifa ya habari ya redioni saa 2 usiku.