Gemu za Sarafu za Zamani: Tuokoe Chuma au Nakala?

Asteroids, gemu ya Atari ya mwaka 1979, inachezeka leo kwenye kompyuta yoyote ya mezani. Basi imeshahifadhiwa? Wanaotunza mashine hizi za kutumbukiza sarafu hawajakubaliana. Wapo wanaosema cha kuokoa ni programu iliyomo kwenye chipu, kabati ni mbao tu. Wenzao wanajibu kwamba bila kabati, tyubu ya picha na vitufe vyake, kilichobaki ni kivuli.

Watu wa nakala wana hoja nzito, nayo ni muda. Gemu nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ziliandikwa kwenye EPROM, yaani chipu za kuhifadhi programu, kwa mfano 2716, chipu ya kilobaiti 2 yenye kidirisha cha kioo mgongoni. Biti hushikiliwa humo na chaji ndogo ya umeme iliyonaswa, nayo huvuja taratibu. Stika inayoziba kidirisha ikibanduka, miale ya urujuanimno huharakisha uvujaji. Biti moja ikigeuka, gemu huweza kuganda. Au, na hili ndilo baya zaidi, huendelea kuchezeka huku kosa likijificha mpaka hatua za mbali. Ndiyo maana fundi makini huing'oa chipu kwa kuinyanyua kidogo ncha hii, kidogo ncha ile, kwani miguu yenye kutu hukatika. Huisafisha miguu, huisoma chipu angalau mara tatu, kisha hulinganisha SHA-1, alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye data, ya kila usomaji. Zikipishana, asiamini hata moja. Faili zinazopatikana hivyo ndizo zinazochezwa na MAME, programu ya kuigiza mashine iliyoanzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997. Sheria nayo ina utata wake: Marekani, hakimiliki ya kazi ya kampuni iliyotolewa 1979 hudumu miaka 95, yaani hadi mwisho wa 2074. EPROM haisubiri.

Ila ukirudi nyuma miaka michache tu, hoja hiyo inatoboka. Pong ya 1972 haina prosesa wala programu. Mpira, vibao na namba za alama vyote hutengenezwa na chipu za mantiki zilizounganishwa kwa njia za shaba, na gemu ni huo uunganishaji wenyewe. Hakuna faili la kunakili. Kinachowezekana ni kuchora saketi nzima na kuigiza kila kijenzi chake, kazi inayoilemea kompyuta kuliko gemu nyingi za miaka kumi baadaye.

Hata penye programu, faili halibebi kila kitu. Space Invaders ya Taito, ya 1978, ilitumia skrini ya nyeusi na nyeupe. Rangi zilitoka kwenye vipande vya plastiki ya rangi, na kwenye kabati la kusimama kioo kiliakisi picha juu ya mchoro wa mwezi. Asteroids nayo huchorwa na mwale wa elektroni unaofuata mistari ya maumbo moja kwa moja, na risasi zake ni nukta zinazowaka kwenye giza la tyubu. Skrini bapa ya kawaida haina mng'ao ule.

Hapo wapenda chuma, yaani mashine halisi, hushangilia, mapema mno. Mashine inayowashwa inachakaa. Bodi za saketi za kampuni ya Williams, kama za gemu za Defender na Robotron, zilibeba betri tatu za AA juu yake. Zikivuja, alkali hula njia za shaba mpaka ndani ya soketi. Doa lake husuguliwa kwa siki, kisha maji, kisha pombe ya isopropili, na betri huhamishwa mbali na bodi kwa waya. Halafu kuna chipu za kumbukumbu za 4116 zinazotaka umeme wa aina tatu: volti +12, +5 na −5. Ile −5 ikikosekana, chipu zinaungua. Anayechomeka plagi "kujaribu tu" baada ya miaka thelathini anaweza kuua kwa sekunde chache bodi iliyovumilia muda wote huo. Tenganisha bodi kwanza, pima volti zote kwa mita, ndipo uunganishe.

Kwa maoni yetu, mpangilio wa kazi una uzito kuliko upande unaoushabikia. Chipu zisomwe kabla ya bodi kupewa umeme, maana mwenye bodi iliyokufa huchoma EPROM mpya kutoka kwenye faili zilezile anazozibeza, na watu wa MAME bila bodi halisi hawana cha kulinganishia. Fedha za ukarabati zianzie kwenye mashine zisizo na programu, aina ya Pong, kwa sababu hizo hazina nakala ya kuzikomboa. Na tyubu iliyokufa ikipisha skrini bapa, isitupwe: ibaki pamoja na kabati lake, na ndani ya mlango ibandikwe karatasi yenye tarehe na thamani ya kila kapasita (kijenzi cha kutunza chaji) iliyobadilishwa.