Bendera kwenye kipande cha sayari

Jumamosi iliyopita mvua ya masika ilitufungia ndani hapa Majengo, Moshi, tangu asubuhi. Mpwa wangu wa miaka tisa alishachoka kukaa, nikamwekea kwenye simu katuni ya zamani: Duck Dodgers in the 24½th Century, ya Warner Bros., ya mwaka 1953. Ni dakika saba hivi. Tuliitazama mara nne, na mara ya nne mimi ndiye niliyeomba.

Bata Daffy, kwa jina la Duck Dodgers, ni shujaa wa anga. Dunia inaishiwa na ilyudiamu fozdeksi, chembe inayotengenezea povu la kunyolea ndevu, na inapatikana Sayari X peke yake. Roketi, bastola, vita na kiumbe wa Mars, vyote hivyo kwa ajili ya ndevu, na anayetumwa ni bata! Anawasha roketi kwa mbwembwe, nayo badala ya kupaa inazama ardhini. Kumbe aliiweka rivasi.

Watazamaji wa wakati ule walijua nani anachekwa. Buck Rogers, shujaa wa karne ya 25, alianza kwenye hadithi ya jarida mwaka 1928, akaingia kwenye katuni za magazeti mwaka uliofuata, na mwaka 1939 akapata mfululizo wa filamu. Sputnik, satelaiti ya kwanza, ilikuwa bado haijarushwa, ilikuja 1957. Kwa hiyo mwongozaji Chuck Jones na mwandishi Michael Maltese hawakuwa na safari ya kweli ya angani ya kuitania. Walichokuwa nacho ni yule shujaa wa filamu mwenye kifua mbele na sauti ya kutangaza, asiyekosea kamwe. Wakampiga hapohapo.

Tazama kile kizibao. Daffy anajisifu kwamba amevaa kizibao kisichoweza kuyeyushwa na silaha yoyote. Yule wa Mars anafyatua. Kizibao kinabaki kimesimama wima, kizima kabisa, bila bata ndani. Mpwa wangu Kiingereza chake bado ni cha darasani, lakini hapo alicheka mpaka akashika tumbo. Kizibao kilitimiza ahadi yake neno kwa neno, na ndiyo maana kinachekesha. Mchekeshaji mvivu angekitoboa tu.

Na michoro yake! Maurice Noble alibuni miji ya vioo, mabomba na njia zinazoelea hewani, akaichora kwa dhati kana kwamba filamu yenyewe si ya mzaha. Naamini nusu ya uchekeshaji inatoka hapo. Ukimweka mjinga mahali pazuri namna ile, ujinga wake unaonekana kutoka mbali.

Lakini ninayempenda kuliko wote ni Porky, yule nguruwe mwenye kigugumizi, msaidizi wa shujaa. Daffy anatandaza ramani kubwa na kueleza njia ya kufika Sayari X kwa maneno marefu yasiyoshikika. Porky anachungulia nje, anaona sayari zimeandikwa herufi, A, B, C, zimejipanga mpaka X. Si tuzifuate hizo? Daffy anamdharau, kisha anachukua wazo lilelile na kulifanya lake. Hata Daffy alipogeuzwa majivu, aliyemrudishia mwili ni Porky.

Sisi wa chini ya Kilimanjaro tunamjua huyu. Kaka yangu amekuwa mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, kwa misimu sita. Anabeba mahema, gesi na chakula, anatangulia kambini, mgeni anakuta chai imechemka. Picha ya kileleni anapiga mgeni. Mwaka 1889 Hans Meyer alifika juu, kilele akakipa jina la mfalme wa Ujerumani, Kaiser Wilhelm. Wazee wa Marangu wanamtaja Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa kwao aliyekuwa kwenye msafara ule, aliyeijua misitu. Kilele hakikupewa jina lake. Tulisubiri mpaka usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Alexander Nyirenda alipopandisha mwenge na bendera ya Tanganyika kule juu.

Kwa hiyo Daffy anapochomeka bendera na kuitangaza Sayari X kuwa mali ya Dunia, na papo hapo yule mwingine anashuka na kuitangaza kuwa mali ya Mars, mimi sioni anga. Naona Berlin na London zikigawana ardhi yenye wenyewe. Sijui kama Jones na Maltese walifikiria Afrika walipokuwa wakichora, wala hainisumbui. Kichekesho kilichokatwa vizuri kinamfaa kila aliyewahi kuchomekewa bendera.

Mwishoni wanalipua sayari nzima kwa kuigombania. Kinabaki kipande kidogo. Daffy anamsukuma mpinzani wake, anasimama juu ya kipande kile na kukitangaza mali ya Dunia kwa sauti ileile ya mwanzo. Chini yake Porky ananing'inia kwenye mzizi na kusema, kwa kigugumizi chake, kwamba hilo nalo ni jambo kubwa kweli.

Kaka alikuwa amerudi, amesimama mlangoni akikamua maji kwenye koti. Alikuwa ameikuta sehemu ile ya mwisho tu.

"Rudisha nyuma," akaniambia. "Huyo aliyeko chini alianzaje?"

Mpwa wangu akampisha kwenye kiti. "Kaa, Anko. Yeye ndiye alionyesha njia."