Mtaa Hautaki Fulana, Unataka Zamu

Kila ikija Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, mji wetu wa Lamu hupendeza kwa fulana. Watu hukusanyika Mkunguni mbele ya Ngome, hotuba zikatolewa, glavu zikagawiwa, kisha msafara ukashuka pwani kuokota chupa. Picha ndiyo usiseme. Sina ugomvi na siku hiyo, taka iliyookotwa imeokotwa. Ugomvi wangu ni na tarehe 6. Siku hiyo mfereji wa kichochoroni kwetu unarudi kuwa si wa mtu, na sisi tunarudi barazani kulalama kwamba watu wa Lamu siku hizi hawajitolei, vijana wamekuwa wavivu, kila mtu ataka posho kwanza.

Maneno hayo siyakubali. Anayeyasema hajatazama maziko kwa makini.

Akifariki mtu asubuhi mtaani kwetu Langoni, tangazo likishatoka msikitini, hakuna anayeunda kamati. Wako wanaokwenda makaburini na majembe bila kutumwa. Yuko anayejua kuosha maiti, huenda amerudi baharini alfajiri na macho hayafunguki, lakini akigongewa ataamka. Nyumba ya jirani inafungua mlango ili wanawake wapate pa kukaa, na kina mama wanajua sufuria kubwa ziko kwa nani na mikeka ikaazimwe wapi. Jeneza likipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, watu wanatoka madukani wakapokezana bega hatua chache chache, hata asiyemjua marehemu. Kufika alasiri mtu amezikwa, wafiwa wamekula, na hakuna aliyetia sahihi karatasi ya mahudhurio.

Dini ina sehemu yake hapo, wala sifichi. Maziko ni faradhi kifaya: wakiyatimiza baadhi, wengine wamesalimika, na yasipotimizwa mji mzima una dhambi. Lakini ukitazama namna kazi yenyewe inavyokwenda, utaona mambo ambayo hayahitaji fatwa. Kazi imekatwa vipande vidogo. Kila kipande kina mtu wake anayejulikana. Kinaanza na kinakwisha, hakuna anayeambiwa "jiunge nasi" halafu asijue atatoka lini. Na muhimu kuliko yote, usipoonekana utaulizwa: "Mbona jana hatukukuona?" Swali hilo lina nguvu kuliko posho.

Sasa chukua mambo hayohayo uyapeleke mferejini.

Mji wa kale uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, nasi tunajivunia, ila urithi huo una vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hawapishani. Gari la taka haliingii wala halitaingia. Maji ya kuogea na ya jikoni yanapita kwenye mifereji iliyo wazi, mbele ya milango yetu, hadi baharini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na kweli imepungua, lakini chupa zipo, pampasi zipo, mchanga upo, na kinyesi cha punda hakijapigwa marufuku na yeyote. Mvua kubwa ya masika ikianza, yote hayo yanainuka na kuingia ukumbini mwa watu.

Kuzibua mfereji kuna adabu yake. Anza upande wa chini, unakoelekea bahari, ndipo upande juu, maana ukianza juu unausukuma uchafu ukazibe mbele zaidi, kisha unatukanwa na wa huko. Usifanye wakati bamvua limejaa, maji ya bahari yakiwa yameziba mdomo wa mfereji utachota siku nzima. Na kosa kubwa kuliko yote, ambalo nimeliona likirudiwa na kila kundi la usafi lenye fulana mpya: tope linachotwa kwa koleo na kuachwa palepale kando, kwenye vilima vidogo vizuri vya kupigia picha. Likikauka linakanyagwa, watoto wanalirukia, mvua ya kwanza inalirudisha lilikotoka. Afadhali kuzibua urefu wa nyumba tatu na kuliondoa tope lote kwa magunia kuliko kuzibua mtaa mzima na kuliacha.

Kwa hiyo rai yangu ni nyumba tatu. Nyumba tatu zinazotazamana zinashika kipande chao, zinapeana zamu, wiki hii fulani na wiki ijayo fulani, kwa fagio la chelewa na koleo moja la kuazimana. Asiyeweza, mgonjwa au mzee, anatoa gunia au anatoa chai. Zamu ikipita bila kazi, jirani wa mlango wa pili ndiye mwenye haki ya kuuliza. Wala huhitaji kusajili kikundi wala muhuri.

Lakini si kila mtu ana mgongo wa kushika koleo, na kwa maoni yangu kazi yenye faida kubwa zaidi mtaani leo inafanywa mtu ameketi. Ni kujaza fomu.

Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya zamani, NHIF, ilipopisha mpya ya SHA, nimeona wazee wakihangaika na simu kama watu waliopewa dira ya chombo wasichokijua. Si SHA peke yake. Basari, cheti cha kuzaliwa, huduma kadha wa kadha za serikali zimehamia mtandaoni, na bibi mwenye simu ya vibonye atahamia wapi? Anakwenda saiba, duka la kompyuta na mtandao, analipa, na akikosea herufi moja ya jina analipa tena. Bibi mmoja jirani yangu hunijia ameishika simu mbali na uso kana kwamba itamng'ata: "Mwanangu, yataka nini tena hii?" Mara nyingi inataka namba ya siri aliyotumiwa kwa ujumbe, basi. Dakika kumi, na ametoka na jambo ambalo lingemgharimu asubuhi nzima na pesa ya saiba.

Kila mtaa una mwalimu, karani, mwanafunzi wa chuo aliyerudi likizo. Mtu mmoja akae barazani Jumamosi baada ya alasiri, saa ileile na mahali palepale, ijulikane. Ana simu yenye bando, kalamu na miwani ya akiba. Masharti yake ni magumu kuliko ya mferejini, kwa sababu hapa unashika siri za watu. Mwenye simu akae ubavuni pako muda wote. Namba yake ya siri aiweke mwenyewe, na kama hawezi, aje na mwanawe. Usipige picha kitambulisho cha mtu kikabaki kwenye simu yako. Na usipokee hata ya soda, maana leo ni soda, mwezi ujao ni ada, mwakani umefungua saiba. Mambo ya nyumba za watu utakayoyasikia hapo, nani kaachwa, nani hana cheti cha mtoto, yazikwe hapohapo.

Nije kwenye posho, maana ndipo wengi hukasirika. Kijana wa Lamu anayebeba mawe, anayepakua saruji kwenye jahazi, anayesubiri abiria gatini, hana Jumamosi ya bure. Siku aliyokupa ni siku ambayo nyumbani hakukuingia kitu. Kumwita mvivu kwa kuuliza "nitalipwa?" ni dhuluma, na wanaomwita hivyo aghalabu ni watu wenye mshahara wa mwezi. Serikali yenyewe imelikubali hili. Wahudumu wa afya wa jamii walizunguka nyumba kwa nyumba miaka na miaka wakiitwa watu wa kujitolea, mpaka mwaka 2023 wakapewa mikoba ya vifaa, simu, na shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu na nusu kaunti. Si pesa nyingi. Lakini ni kukiri kwamba kazi ya kila siku, yenye kumshika mtu, haiitwi ya kujitolea.

Mimi naigawa hivi: kazi isiyozidi saa moja kwa wiki, mbele ya mlango wako, toa bure. Kazi inayokula siku ya mtu, ilipwe, na kama mtaa hauwezi kuilipa basi idaiwe kaunti, kwa barua. Na wa kwanza kutoa saa hiyo wawe wenye ajira na wastaafu, si vijana wa gatini. Hata plastiki ya ufukweni naiweka upande wa malipo. Flipflopi, jahazi lililoshushwa majini hapa Lamu mwaka 2018 likiwa limejengwa kwa plastiki iliyookotwa na ndara zilizotupwa, na mwaka uliofuata likatweka hadi Zanzibar, lilituonyesha kwamba ile taka ni mali ghafi. Mali ghafi ina bei. Anayeikusanya alipwe.

Mikoko sitaikalia sana, ingawa zaidi ya asilimia 60 ya mikoko ya Kenya iko kwetu. Nitasema tu kwamba kupanda ni rahisi, na ndiko kunakopigwa picha. Mche wa mkoko ukichomekwa mbele kabisa, kwenye mawimbi, mahali ambapo mlilana, aina moja ya mkoko, ndio ungestahimili, haufiki mwaka. Wazee waliokata boriti maisha yao yote wanajua kila mti unakaa wapi, lakini siku ya kupanda wanawekwa viti vya nyuma. Anayetaka kujitolea kwenye mikoko aulize kwanza nani analinda miche ya mwaka jana.

Kuna wageni pia, wale wenye nyumba kijiji jirani cha Shela na wale wanaokuja wiki mbili na moyo safi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema, ila mwenyeji hatapona kwa ukuta kupakwa rangi mara ya tatu. Wakiuliza wafanye nini, waambiwe kazi iliyopo, hata kama haipendezi. Wapo watakaofurahi kununua magunia. Wengine watashika koleo, na hao nimewaona wakifanya kazi vizuri kuliko sisi.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba mipango yote hii hupangwa barazani baada ya maghribi, na barazani baada ya maghribi kina mama hawakai. Wanaume tunagawa zamu, halafu wanaofagia ni wao. Tena wao ndio wanaojua nyumba ipi ina mgonjwa, ipi ina mzee anayeishi peke yake, ipi haijawasha jiko tangu jana. Ramadhani sahani hazitulii, kila jioni mtoto anapita na futari iliyofunikwa kitambaa kwenda nyumba ya pili. Mwezi ukiandama tu wa Shawwal, sahani zinakatika, na yule mzee aliyekuwa akiletewa anarudi kwenye mkate mkavu na chai. Kama kuna zamu moja ningeianzisha kabla ya ile ya mfereji, ni hiyo: nyumba saba kwa mzee mmoja, kila nyumba siku yake, sahani moja ya chakula kilekile mlichopika. Haiwezi kupangwa na wanaume. Waachiwe kina mama, nasi tupokee amri.

Nitaongeza na hili la pesa, najua watu wa vyama watanipinga. Zamu isiwe na mfuko. Nimeona vikundi vizuri hapa mjini vikifa, na karibu vyote vilikufa kwa kisanduku cha michango, si kwa uchovu. Pesa zikiingia, cheo cha mweka hazina kinapatikana, kisha mwenyekiti, kisha mwanasiasa anakuja na kiti cha mbele na ahadi ya fulana. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwaka 2027 una uchaguzi, na mtaa wenye zamu iliyopangika vizuri utatamaniwa. Hakuna cha kuiba kwenye fagio.

Linalobaki bila jawabu ni punda. Tope la nyumba tatu linajaza magunia kadhaa, nayo yakiwa mabichi ni mazito, hamali mmoja hayafikishi jalalani. Punda wa kukodi ana bei, na mwenye punda naye yumo miongoni mwa wale niliosema siku yao isiliwe bure. Mwenzangu mmoja ametaka kila nyumba itoe nauli, mimi naona ndio kisanduku kimeshaanza kurudi kwa mlango wa nyuma. Rai yangu ni kubadilishana: mwenye punda abebe magunia Ijumaa asubuhi, na nyumba tatu zimwekee maganda na mabaki ya mboga ya wiki nzima, safi, bila plastiki ndani, na punda akiugua mmoja wetu ampeleke zahanati ya punda, iliyoko hapa mjini tangu 1987. Kama kuna mwenye punda Langoni anayeona hesabu hiyo haimpunji, anipate barazani Alhamisi baada ya isha. Magunia ninayo.