Dini ya mgombea yawahusu nini, watu wa Malindi?

Jamani hili swala limenikera siku nyingi wacha niliseme. Huku Uingereza nnakoishi Tony Blair alikuwa waziri mkuu miaka 10, mkewe Mkatoliki, watoto Wakatoliki, lakini yeye mwenyewe kuingia rasmi alingoja mpaka Disemba 2007 kiti ashakiwacha. Halafu 2022 akaja Rishi Sunak, Mhindu wa dini, na pale kazini kwetu watu walibishana mpaka mate yakawakauka, ni bili za gesi na kodi tu, dini yake hakuna alokuwa na haja nayo. Si kwamba wako safi sana, maana mpaka leo kwa sheria ya 1701 Mkatoliki hawezi kuwa mfalme na maaskofu 26 wana viti bungeni, lakini mpiga kura hana habari na hayo.

Kwetu sasa. Katiba ya 2010 kifungu cha 8 chasema wazi hakuna dini ya taifa, lakini ngoja kampeni zianze. Binamu yangu alisilimu kwa roho yake, swala tano hakosi, alipotaka uwakilishi wa wadi Wakristo wakasema kanunuliwa, Waislamu wakasema huyo bado mgeni tumuangalie kwanza, na hapana hata mmoja alomuuliza maji ya mfereji yatatoka lini! Mpinzani wake naye Ijumaa kanzu imepigwa pasi kali, kofia ya mkono, safu ya mbele kabisa, Jumapili yuko kanisani na bahasha ya harambee, na kote apigiwa makofi. Inaniuma sana.

Na sisi ndio tungejua zaidi. Yusuf bin Hassan, damu ya wafalme wa Malindi, Wareno walimchukua mtoto wakamlea Goa wakambatiza Dom Jerónimo, kisha wakamkalisha kiti cha Mombasa wakijua huyu ni wetu. 1631 akaurudia Uislamu akaiteka Fort Jesus, Wareno wakauliwa na wenyeji wenzetu walobatizwa wakauliwa pia. Watu walikufa kwa sababu dini ilifanywa cheo.

Binamu yangu asema 2027 atasimama tena. Msimuulize shahada alitamka lini na nani alimsilimisha, muulizeni hati za mashamba, muulizeni dawa hospitalini, akikosa jibu mnyimeni kura, hata mimi sitamtetea.